Hamisa binti Salumu, Mama Kona wa Chumba cha Upasuaji

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu, jamaa, majirani zetu wa Kibuta, na wageni wetu mliotoka Kibaha tangu asubuhi, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Zubeir, mdogo wake marehemu. Katika ukoo huu mimi ndiye niliyesomea ualimu, na adhabu yake ni kwamba kila akifa mtu natafutwa mimi na kalamu. Niliandika wasifu wa baba, nikaandika wa mama, nikaandika wa shangazi. Wote watatu "waliugua kwa muda mfupi", ingawa baba mlimwona wenyewe alivyolala miaka. Safari hii mwenye wasifu amenizuia. Mwezi uliopita aliniita nyumbani kwake Tangini, kule Kibaha, akasema, "Zubeir, wa kwangu uandike kweli. Ukiandika muda mfupi, mimi na wewe hatujamalizana." Sijalala vizuri tangu Jumapili na macho yananiuma, kwa hiyo nikikosea kusoma mnivumilie.

Hamisa alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, hapa hapa Kibuta, wilayani Kisarawe. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Salumu Kitwana na bibi Swaumu Halidi. Wa kwanza ni kaka yetu Kitwana, aliyekaa hapa mstari wa mbele, na wa mwisho ni mimi. Baba alilima mihogo na machungwa, na msimu wa korosho alinunua kidogo kidogo kwa majirani akaenda kuuza Kisarawe mjini. Hatukuwa na kitu, lakini adabu tulikuwa nayo. Mama alihakikisha hilo kwa mkono wake mwenyewe.

Alipokuwa na umri wa kama miaka tisa, chuoni, siku moja mwalimu wetu wa Kurani alisinzia kidogo katikati ya kusoma, akazinduka na kuruka aya. Watoto wote walisikia. Wote walinyamaza na kuendelea kumfuatisha palepale aliporukia. Hamisa peke yake alinyoosha kidole akasema, "Mwalimu, umeruka." Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mama alimkalisha chini, akamwambia mtoto hamkatizi mtu mzima maneno, hata akiwa amekosea, akamtuma arudi kwa mwalimu kuomba radhi na papai mkononi. Mwalimu alilipokea lile papai, akalipapasa kuona kama limeiva, akamwambia, "Kweli niliruka. Lakini papai nashukuru." Dada alipenda kutusimulia kisa hiki akicheka. Alisema tangu siku ile hakumkatiza mtu mzima tena mpaka alipofika miaka thelathini na kitu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akachaguliwa kuendelea na sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 1985. Mwaka 1986 alijiunga na chuo cha uuguzi mkoani Tanga na kuhitimu mwaka 1989. Alirudi na sare nyeupe ambayo mama aliivaa siku moja kisirisiri mbele ya kioo, akidhani hakuna anayemwona. Hamisa alimwona. Alitoka kimya kimya akarudi na kukohoa mlangoni.

Kazi alianza mwaka 1990 katika kituo cha afya huko Mlandizi, kwenye wodi ya wazazi. Mwaka 1996 alihamishiwa hospitali moja mjini Kibaha, na miaka mitatu baadaye akaingia chumba cha upasuaji, wenyewe wanaita thieta. Hospitali sitaitaja, kwa sababu kuna jambo nitalisema mbele na nimeombwa nisiitaje. Wanaoijua wanaijua. Alisimama kwenye meza ya upasuaji miaka mingi, akipokea na kukabidhi vifaa, mpaka miguu ikaanza kuvimba. Mwaka 2016 alipelekwa kwenye mafunzo ya kupima wauguzi wenzake, na hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanza.

Naomba niieleze kidogo kazi hiyo, maana hata sisi ndugu zake tulichukua muda kuielewa. Kushika mkasi, kufunga uzi, kujua kifaa kipi kinafuata, hayo muuguzi hupimwa chuoni. Dada alipima yale mengine. Je, muuguzi anajua kinachoendelea chumba kizima au anaangalia trei yake tu? Akiambiwa jambo, analirudia ili aliyesema ajue limesikika? Mambo yakiharibika anatulia au anababaika? Na kubwa kuliko yote, akiona kitu hakiko sawa, anasema? Dada aliyaita haya "vitu visivyokaa kwenye trei". Aliweka stuli kwenye kona ya thieta, akakaa kimya na kutazama. Wauguzi wakamwita Mama Kona. Alama zake zilianzia moja mpaka nne. Moja maana yake mgonjwa yuko hatarini. Nne hakuwahi kumpa mtu. Alisema nne ni ya malaika, na malaika hawaajiriwi.

Alikuwa na somo moja ambalo alilipata kwenye misiba yetu. Alisema, angalieni msibani mtu anavyopaza sauti, "Leteni maji!" Vijana wote wanasikia, wote wanatazamana, kila mmoja anadhani mwenzake atakwenda, na maji hayaji. Thieta ni hivyo hivyo. Daktari anasema "leteni damu", anaiambia dari, na dari haina miguu. Mtaje mtu kwa jina. Mwambie unachotaka. Naye akuitikie. Kwa miaka karibu minane aliwafundisha hivyo wauguzi wa Kibaha, na baadhi yao nawaona wamekaa kule nyuma wakiinamisha vichwa kwa sababu wanakumbuka alama zao.

Tarehe 5 Septemba 1992 aliolewa na bwana Maulidi Twalibu, fundi cherehani wa Maili Moja. Walijaliwa watoto wawili, Raudha na Twalibu, na wakajenga Tangini. Shemeji yangu ni mtu wa maneno machache. Jana nilimwuliza niandike nini kuhusu ndoa yao, akakaa, akafikiri, akasema, "Andika kwamba kwenye kusikiliza alinipa mbili." Nikamwuliza kama alimkatia rufaa. Akasema alijaribu, lakini hakuwa anasikiliza alipokuwa anaelezwa utaratibu. Halafu akaanza kulia, nikamwacha.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, na naomba mtulie.

Raudha, mtoto wake wa kwanza, alifuata nyayo za mama yake. Akawa muuguzi, akapangiwa thieta ile ile. Mwezi Agosti mwaka 2023 ilifika zamu yake ya kupimwa. Dada aliomba apimwe na mtu mwingine. Mpimaji mwingine alikuwa likizo ya uzazi, na metroni, mkubwa wa wauguzi, akasema kazi haiwezi kungoja. Basi mama akakaa kwenye stuli yake kumtazama mwanawe.

Vifaa vya upasuaji hufungwa kwenye kitambaa na kutiwa kwenye mashine ya mvuke ili viwe safi kabisa. Juu ya furushi hubandikwa utepe wenye mistari. Mistari ikigeuka myeusi, vifaa viko tayari. Isipogeuka, furushi halifunguliwi. Siku hiyo furushi lililoletwa mistari yake ilikuwa bado imepauka. Raudha aliiona. Lakini daktari mkuu, mtu mzima aliyemfundisha kazi, alikuwa anazungumza na mtaalamu wa usingizi. Raudha akasimama pembeni yake, mikono imekutana mbele, akingoja amalize mazungumzo yake. Wakati anangoja, mwenzake akafungua furushi. Bi Faudhia, muuguzi aliyekuwa upande wa pili wa meza, ndiye aliyepaza sauti, "Simameni!" Vifaa vikaondolewa vyote, vikaletwa vingine, na mgonjwa akatoka salama. Alhamdulillahi, yupo mpaka leo.

Kwenye kusema, dada alimpa mwanawe moja. Alisema, "Alikiona, alikijua, akangoja." Raudha akatolewa thieta, akapelekwa wodini mpaka atakapopimwa upya.

Familia iliwaka moto. Kaka Kitwana alifunga safari kutoka huku Kibuta mpaka Tangini, hata maji hakunywa.

"Hamisa, mtoto huyu umemlea mwenyewe asimkatize mtu mzima. Leo unamnyima maksi kwa adabu uliyompa wewe?"

"Ndiyo, kaka. Nyumbani nimemlea, kazini nimempima."

"Na alikosa nini? Alimngoja mkubwa amalize."

"Mgonjwa hakuwa na muda wa kumngoja mkubwa."

Kaka aliondoka bila kuaga. Raudha naye alikuwa na desturi ya kuja kula kwa mama yake kila Ijumaa baada ya swala. Akaacha. Alipiga simu kwa baba yake tu. Dada hakulalamika, ila kila Ijumaa alipika kwa ajili yake vilevile, na jioni shemeji akala chakula cha watu wawili mpaka akanenepa.

Yale ambayo hatukuyajua ni haya. Siku ile dada anamnyima mwanawe alama kwa kungoja, yeye mwenyewe alikuwa anangoja. Tangu mwezi wa Ramadhani wa mwaka huo alikuwa amegundua uvimbe mwilini mwake, mahali ambapo sitapataja. Mtu aliyekaa thieta miaka zaidi ya ishirini anajua uvimbe wa namna ile ni nini. Alijua. Hakumwambia mumewe, hakumwambia metroni, wala mimi ambaye tangu utoto hakunificha kitu. Mwezi uliopita nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Nilichoka, Zubeir. Nilisema nipumzike kwanza kidogo, halafu nitakwenda. Na niliiogopa ile meza. Wengi niliwaona wakilazwa juu yake, mimi sikutaka kulala pale." Mimi nilikasirika, nawaambieni ukweli. Nilikasirika na mgonjwa aliye kitandani, nikatoka nje, nikarudi.

Idi el-Fitri ya mwaka 2024 shemeji alimlazimisha Raudha aje nyumbani. Tulikuwa wote Tangini, tumekaa mkekani baada ya pilau, na kaka Kitwana alikuwa anasimulia ugomvi wa mpaka wa shamba huko Gwata. Wanaomjua kaka wanajua kisa chake kikianza hakina kituo. Dada alikuwa anatugawia chai, na alikuwa anaigawa kwa mkono wa kushoto. Mwanamke aliyelelewa na bibi Swaumu Halidi anampa kaka yake mkubwa kikombe kwa mkono wa kushoto, siku ya Idi! Wote tuliona. Kaka alikipokea kikombe, akakunja uso, akaendelea na mpaka wake. Mimi nilidhani ni uchovu. Mke wangu alinitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa watu wazima wengi pale mkekani, na hakuna aliyefungua mdomo, maana utamwambiaje mtu mzima mbele ya watu kwamba anatumia mkono wa kushoto?

Raudha ndiye aliyesema. Alisimama. "Mjomba Kitwana, samahani, nakukatiza." Hakuna aliyewahi kumfanyia kaka hivyo. "Mama, mkono wako wa kulia una nini?"

"Hauna kitu. Kaa, mjomba wako anazungumza."

"Mama, hujauinua tangu nilipofika. Una nini?"

"Nimesema hauna kitu."

"Bi Hamisa Salumu." Alimtaja kwa jina, kama wanavyofundishwa thieta. Mkeka mzima ulishtuka. "Naona jambo haliko sawa na sitakaa chini mpaka unijibu."

Dada aliiweka birika chini taratibu. Akasema, "Nina uvimbe. Una mwaka mzima." Na kabla hatujaanza kulia, akaongeza, "Tatu. Umechelewa kidogo, lakini umesema." Raudha akamkumbatia, na chai yote ikamwagika kwenye kanzu ya kaka Kitwana.

Kesho yake walikwenda Dar es Salaam, wawili hao, na Raudha ndiye aliyezungumza na madaktari. Dada alipasuliwa mwezi Mei 2024. Alipata dawa, akapata mionzi, akapata nafuu, akarudi hata kukaa kwenye stuli yake wiki chache. Raudha alipimwa upya na mpimaji mwingine na kurudishwa thieta mwezi Agosti. Ijumaa zikarudi. Mwaka huu mwezi Juni maradhi yaligeuka yakaingia kwenye mifupa. Madaktari walituambia wazi kwamba dada angewahi mapema mambo yangekuwa mengine. Raudha alikuwa ameketi pale waliposema hivyo, na mama yake alikuwa ameketi pale pia. 

Ndipo aliponiita na kunipa maagizo. Alisema, "Wenzangu wote niliwapima, mimi hajanipima mtu. Andika, Zubeir. Kwenye kusema, Hamisa Salumu, moja." Nilimwomba angalau mbili, kwa miaka yote ile ya kazi. Alikataa. Alisema nikimpa mbili watu watadhani walau alijaribu.

Alifariki dunia nyumbani kwake Tangini, jana Jumatano tarehe 10 Septemba 2025, asubuhi, jua limeshatoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa Raudha. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Hakuugua kwa muda mfupi.

Asubuhi ya leo kaka Kitwana aliniita nyuma ya jiko, akaniambia, "Zubeir, maradhi ya dada yako unataka kuyatangaza mbele ya wanaume? Sitara iko wapi? Andika kama ulivyoandika wa baba." Kaka hakuwa na ubaya. Alikuwa ametoka kulia, na ni yeye aliyembeba Hamisa mgongoni kuvuka mto wakati wa mvua alipokuwa anakwenda shule. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilikuwa nimeshatoa kalamu nikate. Raudha akatokea na ndoo, akatuamkia, akasema, "Mjomba Kitwana, samahani, nakukatiza. Mama alisema isomwe."  Kaka akasema, "Basi isomwe. Ila mahali penyewe usipataje." Ndiyo maana sikupataja. Lakini nimemwomba kaka kwamba nikikosea popote anikatize mbele yenu. Mpaka hapa hajanikatiza.

Marehemu ameacha mume, bwana Maulidi Twalibu. Watoto wawili, Raudha na Twalibu. Mjukuu mmoja, Yasmin binti Twalibu, anayetembea tangu juzi. Kaka yake Kitwana, na mimi. Ameacha pia wauguzi ambao hawawezi kuhesabiwa kwa haraka, na stuli moja ambayo wamekuja nayo kutoka Kibaha na kuiweka pale kwenye kona ya turubai. Naomba asiikalie mtu.

Kwetu hatuna desturi ya kugawa karatasi za wasifu msibani. Wauguzi wenzake ndio waliozichapa hizo mlizoshika usiku wa jana, na palipopaswa kuandikwa maradhi waliacha pengo kwa sababu hawakujua tumekubaliana nini. Wenye kalamu wajaze haya niliyoyasoma.

Jambo la mwisho, nalo ni agizo lake pia. Sisi wanaume tutamsindikiza makaburini baada ya swala ya adhuhuri. Kina mama mtakaobaki hapa, Bi Faudhia, yule muuguzi, atakuwa chumba cha ndani, kile cha mkono wa kulia, mlango umefungwa na pazia limeteremshwa. Mwenye kitu mwilini ambacho amekinyamazia aingie amwambie. Haulizwi mtoto wa nani wala ameolewa wapi. Najua nikisema "nendeni" mtatazamana kila mmoja akimngoja mwenzake. Kwa hiyo naanza kwa kutaja jina. Mke wangu, Salama binti Hashiru, uende wewe kwanza.

Ya Rabbi, huyu ni mja wako Hamisa binti Salumu. Umpokee, umsamehe, na umpumzishe, maana alikuwa amechoka. Amin.